Mgonjwa aambiwe nani anamjibu

Tangu 2023, hospitali kadhaa kubwa za Marekani zimewapa madaktari programu ya akili unde inayosoma ujumbe wa mgonjwa na kuandaa jibu. Daktari hulipitia, hurekebisha anapoona haja, kisha hulituma kwa jina lake. Mgonjwa asiyeambiwa akilipokea anaamini daktari wake ndiye aliyekaa akamwandikia. Huo ni udanganyifu hata kama nia ni njema, na usiachwe uote mizizi huku kwetu.

Hatuikatai teknolojia yenyewe. Daktari aliyemaliza kliniki jioni akakuta ujumbe umemrundikia anastahili msaada. Mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa California walichukua maswali 195 ya afya yaliyoulizwa mtandaoni, wakalinganisha majibu ya madaktari na ya ChatGPT. Wataalamu wa afya waliosoma bila kujua jibu lipi ni la nani walichagua la mashine karibu mara nane katika kila kumi, na wakaona lina huruma zaidi.

Hapo ndipo penye hatari. Ujumbe wenye pole nyingi na maneno yaliyopangika humwondolea mtu hadhari, awe mgonjwa au daktari mwenyewe. Mwaka 2024 jarida la Lancet Digital Health lilichapisha utafiti wa Boston ambamo madaktari wa saratani waliijaribu programu ya akili unde ya GPT-4 kwa maswali ya wagonjwa wa kubuni. Kama rasimu zake za majibu zingetumwa zilivyo, takriban 7 katika kila 100 zingeweza kumdhuru mgonjwa vibaya, na chini ya moja katika 100 ingeweza kumuua. Kosa kubwa lilikuwa kutotambua dharura: mtu wa kukimbizwa hospitali leo hii anajibiwa kwa upole kana kwamba anaweza kusubiri. Tena, madaktari waliopewa rasimu hizo waliandika majibu yanayofanana nazo zaidi kuliko yale waliyoandika wenyewe bila msaada.

Kwa hiyo haturidhiki na sheria ya California iliyoanza Januari 2025. Inataka ujumbe wa tiba ulioandikwa na akili unde ujitambulishe hivyo, na umweleze mgonjwa jinsi ya kumpata binadamu. Ni hatua njema. Lakini daktari akishaupitia ujumbe, sharti hilo linaondoka, na hakuna anayejua kama aliusoma kweli au alibofya tu.

Wapo watakaosema mgonjwa akiambiwa ataridhika kidogo. Huenda. Bado ana haki ya kujua, maana ni kwa jibu hilo anaamua kumeza dawa, kuiacha, au kulala akingoja kesho.

Kenya tayari ina mfano wa kuanzia. Huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health hupokea maswali ya wajawazito kwa SMS. Akili unde huyapanga kwa uzito wake, ili anayeandika kwamba anatokwa damu au mtoto hachezi tumboni afikiwe haraka na mhudumu. Mashine inafanya kazi ya kuharakisha mama amfikie mtu.

Kuna pia jambo la siri. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Daktari anayenakili ujumbe wa mgonjwa na kuubandika kwenye programu ya bure ya simu yake ameitoa siri ya mtu nje ya chumba cha matibabu bila ruhusa.

Mabaraza ya madaktari ya nchi zetu yaandike kanuni sasa, kabla hospitali hazijafunga mikataba na wauzaji wa programu hizi. Kila jibu lililoandaliwa na mashine liseme hivyo kwa Kiswahili chepesi, liwe limepitiwa au la. Liwe na namba ya simu inayopokelewa na mhudumu. Na daktari aliyetia jina lake awajibike kwa kila neno lililomo, kama vile ameliandika kwa mkono wake.