Ilani ya Kofia na Kivuli

Ndugu wazazi, ndugu walimu, ndugu wajumbe wa kamati za shule, nanyi wanafunzi mnaosoma maneno haya mkiwa bado na sare zenu: wakati mpya umefika milimani kwetu. Tunasema tukiwa Mgwashi, na tunataka sauti ifike Bumbuli, ifike Soni, ifike Lushoto, Mlalo na Mtae. Siku ya masomo haitakuwa tena siku ya kuungua. Mtoto mwenye ualbino huenda shule kufuata elimu. Hatukubali tena arudi nyumbani na midomo iliyopasuka na shingo yenye malengelenge.

Tunaamini kwamba jua la Usambara ni jua kamili. Ukungu na baridi vimetuficha jambo hili kwa muda mrefu. Mtu akiona wingu na kusikia upepo wa mlimani hudhani jua limelala, kumbe mionzi inayounguza ngozi haionekani kwa macho wala haisikiki kama joto. Hupenya mawingu mepesi, na kwa kila mita 1,000 za kupanda huongezeka kwa takriban asilimia 10. Hapa kwetu, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na nyakati zote mbili watoto wako shuleni.

Tunaamini kwamba shule inaweza kuisikiliza hali ya hewa, kwa maana imeshawahi kufanya hivyo. Waliotutangulia waliijua baridi ya milima hii, wakaandika sweta kwenye orodha ya sare. Leo hakuna mzazi wa Usambara anayeuliza sweta ni ya nini. Shule iliyoitambua baridi na ilitambue jua. Kofia iandikwe pale pale lilipoandikwa sweta: kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, wa kufunika masikio na shingo, ishonwe na mafundi cherehani wetu kwa kitambaa kile kile cha sare. Na kando yake liandikwe shati la mikono mirefu.

Tunakataa amri ya "vua kofia". Mtazameni mtoto mwenye ualbino akiwa kwenye paredi. Kichwa kimenyolewa kama kanuni inavyotaka, utosi uko wazi, masikio yako wazi. Amekunja uso na kufumba macho nusu kwa sababu mwanga unamchoma, na matangazo bado ni marefu. Ncha za masikio zimebabuka, mdomo wa chini una ufa ambao haujapona tangu juma lililopita. Ngozi yake haina melanini ya kutosha kumkinga, na kitu pekee kilichoweza kumkinga ameambiwa akishike mkononi. Heshima ya shule haipungui mtoto akisimama na kofia. Hupungua mtoto anapoungua mbele ya walimu wake.

Tunakataa kuendelea kuuita msiba huu wa saratani ya ngozi majaliwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino nchini Tanzania. Mwaka 1985 madaktari walichapisha uchunguzi wao wa Dar es Salaam uliothibitisha kwamba madhara ya jua kwenye ngozi ya watu hawa huanza utotoni kabisa, na saratani huwafuata wakiwa bado vijana. Saratani hiyo haiji kwa siku moja. Hujengwa kidogo kidogo: kwenye mapumziko ya saa nne, kwenye foleni ya uji, kwenye kufyeka nyasi, kwenye shamba la shule, mwaka baada ya mwaka, kuanzia darasa la kwanza. Kinachojengwa kidogo kidogo huzuiwa kidogo kidogo, na saa za kukizuia ziko mikononi mwa shule.

Tunaamini kwamba kofia ni ya watoto wote. Hatuwatishi watoto wenye melanini nyingi, kwa kuwa ngozi zao zimeumbwa na kinga kubwa, ingawa macho yao na vichwa vyao navyo hufurahia kivuli. Tunawavika kofia kwa ajili ya umoja. Kofia ikivaliwa na mmoja humfanya anyooshewe vidole. Ikivaliwa na wote ni sare tu. Tunataka mgeni akiingia uwanjani aone shule moja yenye kofia, na mtoto mwenye ualbino akimbie katikati ya wenzake bila kutazamwa mara mbili.

Tunakataa kinga ya kumfungia mtoto ndani. Kumwacha peke yake darasani wakati wenzake wanacheza ni kumlinda ngozi na kumjeruhi moyo. Tunawaheshimu walioanza kazi hii kabla yetu. Irente, hapa hapa Lushoto, kuna shule ya msingi ya watoto wasioona ambayo imewalea pia watoto wenye ualbino, na kule Shinyanga, shule ya Buhangija iliwapokea watoto waliokimbia wauaji wa watu wenye ualbino katika miaka ya giza. Waliwalinda wakati wengi walinyamaza. Sasa tunataka shule ya kijijini, ile iliyo jirani na mama yake mtoto, iwe salama vile vile.

Tunaamini katika ratiba inayolijua jua. Paredi iwe fupi na ifanyike asubuhi, jua likiwa bado chini. Kazi za shamba na michezo ya uwanjani ziwe mapema au baada ya saa kumi. Kati ya saa nne na saa tisa, mtoto anayetoka darasani apate kivuli cha kusimama. Foleni ya uji ipangwe ukutani, upande wa kivuli. Na ndani ya darasa, mtoto mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha linalomwaga mwanga usoni, aruhusiwe kuusogelea ubao, na mwalimu aandike kwa herufi kubwa, kwa kuwa uoni wake ni hafifu. Yote haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji mwalimu mkuu na karatasi moja ya ratiba.

Tunaamini katika miti. Milima hii inajua kupanda. Lakini milima hii inajua pia kukataa: katika miaka ya 1950 wakulima wa Usambara waliyapinga matuta ya kulazimishwa na serikali ya kikoloni, hadi mpango ule ukavunjika. Miongo mitatu baadaye, miti na majani ya kuzuia mmomonyoko vilipandwa Lushoto kwa kushirikiana na wakulima. Basi harakati hii haitamwamrisha mtu. Itakaa na wazazi, itakubaliana nao, kisha itapanda: migrevilea pembeni mwa uwanja, miparachichi karibu na madarasa. Tuliipandia milima miti ili udongo usiondoke. Sasa tuwapandie watoto.

Tunaamini katika mafuta ya kukinga jua yanayofika kwa wakati. Hapo Moshi, katika hospitali ya KCMC, yalianza kutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo hugawiwa kupitia kliniki. Barabara inayoshuka Soni hadi Mombo ndiyo inayotufikisha Moshi. Umbali hauwezi kuwa udhuru. Tunataka kila mtoto mwenye ualbino apate mafuta yake bila kukosa mwezi. Apakwe asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, apakwe tena kabla ya mchana, na chupa ya pili ikae kwa mwalimu wa darasa. Na nyumbani tukumbushane: chupa ile ni dawa ya mtoto huyo, isigeuzwe mafuta ya kulainisha ngozi ya familia nzima. Wala mafuta hayachukui nafasi ya kofia. Kofia kwanza, mikono mirefu, kivuli, kisha mafuta pale nguo isipofika.

Tunakataa kusubiri sheria, kwa sababu sheria zipo. Ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Zimeshatamka kwamba mtoto huyu ana haki ya afya, ya elimu na ya utu. Kilichobaki ni uwanja wa shule.

Tunaiona Mgwashi inayokuja. Tunamwona binti mwenye ualbino akimaliza shule ya msingi na ngozi nzima, akienda sekondari, akirudi kuwa mwalimu, akizeeka. Ndiyo, akizeeka: tunataka wajukuu wamzunguke.

Ndugu, hatuombi chochote kikubwa kuliko uwezo wetu. Katika mkutano ujao wa wazazi, simama. Omba orodha ya sare isomwe, na ikifika kwenye sweta, sema: ongezeni kofia. Kisha jitolee kupanda mti mmoja na kuutunza. Mkono wako ukiinuka, umejiunga nasi.