Nauli ya Walio Hai

Sisi watu wa Kusini tunaoishi Dar es Salaam tuna ugonjwa mmoja ambao hatupendi kuutaja. Akifa mtu wetu Mbagala au Temeke, usiku uleule watu hukaa mkekani, daftari hufunguliwa, na kabla ya alfajiri fedha za sanduku, za gari la kukodi na za mafuta zimekwisha kupatikana. Maiti husafirishwa hadi Mnero, akasindikizwa na watu thelathini. Lakini mtu huyohuyo alipokuwa hai, akasema anatamani kwenda kumwona mama yake kwa siku tatu tu, hakuna aliyemchangia hata nauli ya kufika Kibiti, na yeye mwenyewe alisema hana uwezo. Nauliza: uwezo huo huzaliwa wapi usiku wa msiba?

Mnero iko Wilaya ya Nachingwea, upande wa kuelekea Ruangwa, katika nchi ya Wamwera. Wengi wanaijua kwa misheni na hospitali yake. Siyo mwisho wa dunia. Lakini wapo watu wazima hapa mjini, wenye kazi na mishahara, ambao kwa miaka kumi hawakuikanyaga ila nyuma ya jeneza. Watoto wao huijua kwao kama mahali pa makaburi, nao hawajui hata salamu moja ya Kimwera. Kisha tunakaa vibarazani tukilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana asili. Asili hiyo wangeipata wapi?

Hebu tuzitazame sababu zinazotolewa, moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza ni ile ya bwana anayesema, "Nitakwenda nikipata gari." Huyu hangoji usafiri, maana usafiri upo kila siku. Angoja kuonekana. Na siku akilipata hilo gari, hufika kijijini kama mkaguzi aliyetoka mkoani: vioo vimefungwa, vumbi amewaachia watoto, na ugali haujaiva tayari anatazama saa. Aliyeshuka kwenye basi, kisha akapanda bodaboda hadi uani, hufika na vumbi lilelile walilo nalo wenyeji. Akiulizwa habari za njiani, anazo. Ndani ya basi amekwisha kusikia bei ya ufuta mnadani, nani kaoa na mvua ilikatikia wapi. Safari imemwandaa, hata kabla hajabisha hodi amekwisha kuwa mtu wa pale.

Sababu ya pili ni umbali. Zamani sababu hii ilikuwa ya kweli. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakianza Kusini iligeuka kisiwa. Basi lilikwama matopeni na abiria wakalala porini. Hata mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, maji yaliikata barabara ya Lindi upande wa Kilwa, tukakumbuka mambo ya kale. Lakini hiyo ilikuwa dharura, na dharura haihesabiwi kuwa desturi. Siku za kawaida, anayeondoka Dar es Salaam alfajiri hupita Nangurukuru, Mnazi Mmoja, Nyangao na Ndanda, na jioni yuko Masasi. Anayesema Mnero ni mbali mwaka huu anatumia udhuru wa baba yake.

Sababu ya tatu ni kwamba ndugu wa kijijini wanaomba mno. Kweli wanaomba. Lakini anayekuja mara moja katika miaka kumi lazima aombwe mahitaji ya miaka kumi. Yule anayefika kila mwaka na kilo mbili za sukari, miche ya sabuni na khanga ya bibi, wamekwisha kumzoea. Hawamwoni kama mvua ya jangwani inayopaswa kukingwa kwa kila chombo kilichopo nyumbani.

Sababu ya nne husemwa kwa sauti ya chini: uchawi. "Nikienda watanimaliza." Nimelisikia neno hili kutoka kwa watu wenye digrii. Sina la kuwaambia ila moja: wote hao mwishowe hupelekwa kuzikwa kulekule walikokuogopa, na waliowaua ni shinikizo la damu, sukari na ajali za mjini.

Ya tano ndiyo ya kisasa: "Kila mwezi natuma pesa kwa simu." Vema, usiache. Lakini pesa haikai na mjomba chini ya mkorosho. Kwetu mjomba ndiye ukoo. Yeye ndiye ajuaye shamba lipi ni la nani, nani alihamishwa kutoka wapi wakati wa Operesheni Vijiji, na bibi yupi alikuja na nani. Mambo hayo hayatumwi kwa namba ya siri. Mjomba akifa, umezika na daftari.

Nataka kusema jambo moja linaloniuma zaidi. Kijijini kwetu mtu wa mjini akitokea bila taarifa, wa kwanza kumwona hamwambii "karibu". Huuliza, "Kuna nini?" Moyo humwenda mbio hata apate jibu, kwa kuwa tumewazoesha kwamba tukionekana sisi, kuna aliyekufa. Tumekuwa bundi wa jamaa zetu wenyewe. Sijui aibu iliyo kubwa kuliko hiyo.

Basi ifanywe nini? Ipangwe safari fupi, ya watu walio hai, kwa basi. Piga simu wiki moja kabla ili usimshtue mzee. Chagua wakati kati ya Juni na Septemba: mvua zimeisha, njia ni kavu, mavuno yako ndani, na watu wana nafasi ya kukaa na mgeni. Ukitaka kuona korosho zikiokotwa na mabibo yamejaa chini, ngoja Oktoba, lakini ujue kwamba wenyeji wako watakuwa kazini. Kata tiketi mapema, na ya kurudi pia. Mwaka mmoja wakala wa basi fulani aliniuzia kiti chenye mwenyewe, nikafika Somanga nimekalia ndoo. Tangu hapo naifika ofisi ya basi siku mbili kabla na kusoma namba ya kiti mbele yake. Chukua mfuko mdogo. Giza likikukuta Nachingwea, lala hapo katika nyumba ya wageni, upande bodaboda asubuhi.

Siku ngapi? Wahenga walikwisha kupanga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kaa hizo mbili, kula kisamvu na ming'oko, kisha siku ya tatu liombe hilo jembe wewe mwenyewe. Mtoto wako akilishika kwa saa moja tu, atarudi mjini akijua chakula hutoka wapi.

Lakini nisiwabebeshe ndugu zangu peke yao mzigo wote, maana wapo na wenye mamlaka. Kwa nini mabasi makubwa yaishie makao makuu ya wilaya, na kutoka hapo msafiri awe wa kujadiliana bei na kijana wa bodaboda? Historia ya njia zetu inajibu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Ilijengwa bandari Mtwara, ikajengwa na reli hadi Nachingwea. Karanga hazikuota kama ilivyohesabiwa London, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mwaka 1962 reli ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Hakuna aliyeuliza kama Wamwera nao walikuwa na safari. Reli ilikuwa ya mzigo. Mzigo ulipokosekana, reli ilikosa sababu.

Fikra hiyo haijafa. Hata leo barabara husifiwa kwa korosho, ufuta na madini yatakayopita juu yake. Ni mara chache kumsikia kiongozi akisema barabara hii ni ya mama mjamzito anayekwenda hospitali ya Mnero, au ya kijana anayekwenda kumsalimu bibi yake. Mamlaka ya usafiri hupanga nauli ya basi la kutoka mkoa hadi mkoa. Kipande cha mwisho, ambacho kwa kila kilomita ndicho ghali kuliko vyote, kimeachiwa soko na hali ya hewa.

Na hapo ndipo makosa mawili yanapokutana. Wenye sauti miongoni mwetu hawapandi chombo cha abiria kwenda kijijini. Ama hawaendi kabisa, ama huenda kwa magari yao. Kwa hiyo hawajui, na wasiojua hawalalamiki. Mama aliyezoea kubanwa wanne kwenye kiti cha watatu hana wa kumsemea. Laiti mwalimu, karani, mhasibu na mbunge wangekwenda Mnero kwa basi na bodaboda mara moja tu kwa mwaka, kipande hicho kingekuwa hoja ya mkutano wa halmashauri kabla ya mwaka kwisha.

Ndugu msomaji, kama unao mzazi, mjomba au bibi aliye hai, Mnero au penginepo, chukua kalenda yako leo uweke alama kwenye siku nne. Kisha lifungue lile daftari la michango la ukoo, na juu ya ukurasa mpya uandike: nauli ya walio hai. Atakayekuwa wa kwanza kukucheka, mwombe achange.