Mwenyeji Kujifanya Mgeni Mjini Kwake

Ndugu msomaji, imezuka katika mji wetu wa Unguja desturi ambayo wazee wetu hawakuijua. Mtu ana nyumba yake Mwembetanga, au Kwahani, au Mombasa kwa Mchina. Ana kitanda chake, ana chandarua chake, ana mke wake na watoto wake. Basi siku ya Ijumaa jioni hufunga mkoba wa nguo, akapanda gari, na baada ya muda usiofika nusu saa akateremka Shangani mbele ya hoteli kubwa, akalala humo usiku mmoja au mbili, kisha akarudi kwake. Hakusafiri, hakukosa pa kulala, wala hakupatwa na udhuru wowote. Amekwenda kununua ugeni.

Na hoteli nyingi zimemrahisishia jambo hilo kwa kuweka bei mbili: bei ya atokaye nje na bei ya mkaazi. Mtu huyu hufika mapokezi akatoa Kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, akathibitisha kwa karatasi ya Serikali kuwa yeye ni mwenyeji wa hapa, na papo hapo akapewa ufunguo ili ajifanye mgeni. Nami nasema bila ya kumung'unya maneno kwamba desturi hii inatuharibia murua wetu, na inatupotezea jambo kubwa kuliko fedha.

Nisije nikasingiziwa nisilolisema, naanza kwa kubainisha. Sisemi kwamba kulala hotelini ni haramu. Msafiri ana haki ya malazi mema, na hoteli zimejengwa kwa ajili yake. Kijana aliyeoa naye anakaa kwa wazee wake, nyumba ina watu kumi na wawili na ukuta ni mwembamba, akakodi chumba siku mbili kwa fedha alizonazo, huyo simlaumu. Wala sisemi kwamba starehe ni dhambi. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31 na ya 32, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kujipamba, akaturuhusu kula na kunywa, akatukataza israfu, kisha akawakemea wale wanaoharimisha mapambo aliyowatolea waja wake. Yote hayo yako pahala pamoja, wala si halali kushika nusu na kuacha nusu. Maneno yangu yanamhusu mwenye nyumba anayeikimbia nyumba yake ili apate kuhudumiwa kama mgeni, na akirudi asiwe na cha kumpa mgeni wa kweli.

Hebu tutazame kwanza kinachouzwa huko. Mlango wa hoteli ni mlango wa msumari, wa nakshi, kama uliokuwa nyumbani kwa babu yako kabla hujauzwa kwa mtu wa kutoka nje. Chumbani kuna kitanda cha samadari. Ukumbini kunafukizwa ubani na udi. Mgeni hunyunyiziwa marashi, akaletewa kahawa ya tangawizi na kipande cha halua. Mke wako hupelekwa katika chumba maalumu akasuguliwa singo, iliyotengenezwa kwa karafuu na mlangilangi na rihani, ile ile aliyosuguliwa na somo wake siku saba kabla ya kuolewa, tena bila ya hesabu ya dola. Jee, katika vitu hivyo ni kipi kilichotoka Ulaya? Vyote ni vyetu. Vilikuwa vikitolewa majumbani kwa mkono wa kulia, bure, kwa sababu mtu amebisha hodi. Leo tunavilipia kwa bei ya punguzo, na tunaona tumepandishwa daraja.

Ndugu msomaji, pwani hii ilijulikana duniani kwa wenyeji wake kabla haijajulikana kwa hoteli. Ibn Battuta, yule msafiri wa Kimorocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kwamba jahazi ikitia nanga, vijana wa mji huiendea kwa vidau, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi sahani hiyo mmoja katika wafanya biashara na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake, na mfanya biashara hateremki ila kwenda nyumbani kwa mwenyeji wake. Kisha akaendelea kusini mpaka Kilwa, na huko akamsifu Sultani wake kwa ukarimu. Msafiri huyu alikuwa ameona miji mingi mikubwa, na katika aliyoyaona kwetu yanayofaa kuandikwa ni namna mgeni anavyopokewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yetu. Na dini ikaitia nguvu, kwani imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekufungamanisha kumkirimu mgeni na kumuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, na haki ya mgeni akaiweka siku tatu.

Sasa sikiliza lililonifikisha kuandika haya. Mwaka jana alinijia kijana mmoja niliyemsomesha chuoni tangu alif mpaka akahitimu. Ana kazi, ana mke na watoto wawili. Khaloo yake, ndugu wa tumbo moja na mama yake, alikuwa amekuja kutoka Wete kwa matibabu katika hospitali ya Mnazi Mmoja. Kijana alimwambia kwamba kwake hakuna nafasi, na bibi yule akenda kujibanza kwa jamaa wa mbali Kikwajuni, akalala kwenye jamvi siku sita. Haukupita mwezi, kijana akaupata upatu wake, akamchukua mkewe wakalala siku mbili hotelini, na picha zikaenea katika simu za jamaa wote. Mjukuu akamwonyesha bibi yake. Bibi hakusema kitu, ila alilia. Ndipo kijana akaja kwangu nimsaidie kusuluhisha.

Akaniambia: "Maalim, Mungu shahidi yangu, chumba sina. Nina vyumba viwili tu." Nikamwuliza: "Godoro la sponji siku hizi bei gani, mwanangu?" Akainamisha kichwa. Tulikwenda pamoja kwa khaloo yake, akamwomba radhi naye akamsamehe, kwani kina mama wetu ndivyo walivyo. Lakini alipokuja tena kuchukua dawa, hakubisha hodi kwa kijana yule. Alikwenda moja kwa moja Kikwajuni. Hapo ndipo pana hasara, ndugu msomaji. Fedha za upatu zitarudi mwaka mwingine, ama hodi ya khaloo hairudi kwa upatu.

Najua wapo watakaonijibu, na insafu yataka nizitaje hoja zao.

Wa kwanza atasema: fedha ni zangu, nimezichuma kwa jasho langu. Ni kweli. Lakini sisi ni watu tuliofundishwa kwamba mja ataulizwa juu ya mali yake maswali mawili, wapi aliichuma na wapi aliitumia, wala hakuna aliyesamehewa swali la pili kwa kuwa amelijibu vizuri la kwanza. Mwaka 2022 Serikali yetu ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Basi ulizia bei ya usiku mmoja katika hoteli hizo kubwa, hiyo hiyo ya mkaazi, izidishe kwa mbili, ongeza chakula, kisha uiweke hesabu yako karibu na hiyo. Ukishafanya hivyo mwenyewe, mimi sina haja ya kuongeza neno.

Wa pili atasema: tunawasaidia vijana wetu wanaofanya kazi humo. Ndugu yangu, hoteli hizo hazikujengwa kukungojea wewe. Katika mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na hao ndio wanaozilisha. Ukitaka kumsaidia kijana, mwite seremala wa mtaani kwako akutengenezee kitanda cha chumba cha wageni, mpe kazi mama anayepika vitumbua, mlipe fundi wa bomba. Fedha yako itawafikia mzima mzima, na nyumba yako itabaki na kitu.

Wa tatu ana hoja yenye uzito zaidi. Atasema: wazee wetu walifungiwa milango, na leo sisi tuko huru, kwa nini tusiingie? Kweli, palikuwako hapa Shangani klabu ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1888, na mwananchi akiingia humo kwa kazi ya kupika na kuandika meza. Jengo lake leo ni hoteli, na mlango uko wazi. Ingia, usiogope, ni mji wako. Kaa unywe maji, tazama bahari, toka. Ila usidhani kwamba kulipa ndio kukomboka. Aliyekuwa akidharauliwa, akaona cheo chake ni kukaa pale pale alipokaa aliyemdharau, huyo bado anajipima kwa pishi ya mwenziwe. Tazama yanayotokea mapokezini: kijana wa Kizanzibari humwamkia Mzanzibari mwenziwe kwa Kiingereza, naye akamjibu kwa Kiingereza, na pengine wote wawili wamesoma chuo kimoja na wanajuana kwa majina ya baba zao. Shikamoo imeachwa nje kwa mlinzi. Jee, huo ndio uhuru?

Wa nne atasema: mke wangu amechoka, anataka kupumzika. Huyu simcheki, kwani amesema kweli. Wanawake wetu wamechoka. Lakini kimchoshacho ni jiko, na ndoo, na nguo za watoto, na mume akaaye barazani akingoja kuandikiwa chakula. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, naye akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake. Basi wewe unamlipia mkeo siku mbili za kupumzika katika mwaka, na siku zilizobaki humwondolei hata sufuria. Shika ufagio kila Ijumaa, uone kama atakuomba hoteli.

Kisha kuna mambo mawili ambayo watu huyapita haraka. La kwanza ni meza. Humo ulevi unauzwa ukumbini, na pengine kwenye meza iliyo ubavuni mwako, mbele ya watoto wako. Nayo hadithi aliyoipokea Tirmidhi imemkataza Muislamu kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi, hata kama yeye mwenyewe hanywi. Mtu anayemkemea mwanawe kwa kupita mbele ya kilabu cha pombe, kisha akamkalisha humo kwa kuwa pana zulia na taa nzuri, anamfundisha mtoto kwamba haramu ikivaa vizuri huwa halali.

La pili ni picha. Zamani mtu akifanya fahari, aliiona jirani yake peke yake. Leo kitanda cha hoteli, na sahani, na miguu ya mtu mbele ya maji, vyote hutumwa kwa watu mia mbili kabla chakula hakijapoa. Starehe isiyokamilika mpaka wengine waione imekwisha kuwa ria. Na kila anayeiona picha hiyo naye ana mke, na mke naye ana simu. Ndivyo upatu wa kijana mmoja unavyokuwa deni la kijana wa pili.

Atakayeuliza, basi tufanye nini, namwambia mambo mepesi. Upepo wa bahari hauna bei mbili. Bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa matengenezo na kufunguliwa upya mwaka 2009, haikuulizi kitambulisho. Mchukue mkeo baada ya alasiri, mkae, mnunue urojo, mrudi kwenu. Ukiwa na jamaa Jambiani au Makunduchi, nenda ukawaamkie, ulale kwao, upeleke mchele na sukari. Na fedha uliyoikusudia hoteli, nunua godoro, nunua shuka mbili na mto, uviweke kabatini kwa jina la mgeni, hata kama una vyumba viwili tu. Kisha mpigie simu khaloo yako.

Naye mwenye shaka na aende Shangani akaitazame nyumba iitwayo Mambo Msiige. Aliijenga tajiri wa Kiarabu katikati ya karne ya 19, na watu wa mji husimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai kwa wingi usiosemeka. Baadaye walikaa humo Waingereza na ubalozi wao, kisha ikawa ofisi za Serikali, na tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli kubwa. Wazee waliompa jina hilo tajiri na nyumba yake walitaka kuwaonya walio nje. Leo sisi tunapita chini ya jina hilo, mkoba mkononi, tunakwenda kuiga.

Mwenyezi Mungu atukinaishe na alichotupa, azifanye nyumba zetu kuwa pana kwa wageni wetu hata zikiwa na vyumba viwili, na asitufanye wageni katika mji aliotufanya wenyeji wake. Amin.