Kuwa na jeni si kuitumia

Siku hizi jeni imegeuka jibu la kila swali. Mtu akinenepa, ni jeni. Kisukari kikimfika baada ya kumpitia baba na shangazi, basi ndivyo damu yao ilivyo. Usemi huo unachanganya kuwa na jeni na kuitumia, na shahidi wangu ni hamira, hii hii ya maandazi. Ina jeni kama 6,000, na usomaji wa vinasaba vyake vyote ulikamilika mwaka 1996. Miongoni mwake zimo zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja galaktosi, sukari inayopatikana katika maziwa. Zimo katika kila seli saa zote, lakini hamira ikiwa katika glukosi hunyamaza: protini iitwayo Mig1 huingia kwenye kiini cha seli na kuzifungia. Ni ubahili wenye akili, kwani glukosi hutumika kwa urahisi zaidi. Glukosi ikiisha na galaktosi ikawepo, protini nyingine, Snf1, huitoa Mig1 kiinini. Gal4, ambayo kazi yake ni kuwasha jeni hizo, ilikuwa imekwisha kaa mahali pake, ila Gal80 imeizuia; galaktosi ikishikwa na Gal3, kizuizi huondoka na utendaji wa jeni hizo hupanda hadi mara elfu moja hivi. Hakuna herufi hata moja ya vinasaba iliyobadilika. Kilichobadilika ni chakula.

Atasema mtu kwamba hamira ni kuvu wa seli moja. Kweli, na sitampangia mgonjwa dawa kwa kutazama unga unavyoumuka. Lakini Snf1 ina ndugu yake miilini mwetu, AMPK, inayoamka seli zinapopungukiwa nishati, kama misuli inapofanya kazi nzito. Pingamizi lenye uzito zaidi ni selimundu: aliyerithi jeni yake kwa wazazi wote wawili haponi kwa kubadili mlo. Hilo nalikubali. Kisukari cha aina ya pili, hata hivyo, hakiko hivyo. Urithi una sehemu yake, na uzito, mlo na mazoezi vina yao. Tena hata jeni iliyoharibika haifanyi kazi peke yake. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya galaktosi inayofanana na ile ya hamira, na maziwa ya mama huwaweka katika hatari ya kifo ndani ya siku chache. Madhara mengine huweza kuwafuata ukubwani, lakini jambo la kwanza daktari analofanya ni kuwaondolea maziwa.