Skani Yangu Ilitoka Safi, na Hapo Ndipo Shida Ilianza

Wiki hii nimetumiwa video moja karibu mara kumi. Mnaijua. Bongo mbili kando kwa kando, moja imewaka rangi ya chungwa kama Nairobi usiku, nyingine bluu tupu, na maandishi eti huu ndio ubongo wa mtu mwenye dipresheni. Komenti ni zile zile: "Sasa wataamini." "Ngoja nimwonyeshe mamangu."

Usimwonyeshe mamako. Naomba.

Mimi nilipitia hiyo njia. Nilikuwa mwaka wa pili chuo, dawa ya kwanza ilikataa, ya pili pia ikakataa, basi familia ikachanga nipigwe MRI ya kichwa "tujue shida iko wapi". Walichanga kama watu wa harusi. Ripoti ikaja: kila kitu kawaida. Mjomba akaisoma kwa sauti pale sebuleni, akavua miwani, akaniambia, "Si unaona? Uko sawa. Rudi shule." Sikurudi. Na kwa karibu mwaka mzima, kila siku nikishindwa kutoka kitandani, ile karatasi ndiyo ilikuwa shahidi wao.

Kile mjomba hakuambiwa ni kwamba MRI ya kawaida ya hospitali inatafuta uvimbe, damu iliyovuja, kiharusi. Dipresheni (wale wa kamusi wanaiita sonona) haina picha inayokubalika kama kipimo chake. Daktari anaijua kwa kukaa na wewe, kukuuliza maswali na kukusikiliza.

Na zile rangi? Hapo mashine inafuata damu yenye oksijeni, kompyuta inapiga hesabu, mara nyingi watu wengi wanachanganywa kupata wastani, halafu mtu anachagua rangi. Mwaka wa 2009 Craig Bennett na wenzake kule Marekani waliweka samaki kwa hiyo mashine. Salmoni mzima, amekufa. Wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza hao watu wanahisi nini. Bila kusahihisha hesabu vizuri, sehemu za ubongo wa marehemu samaki zikaonekana zinafanya kazi! Walikuwa wanaonya wanasayansi wenzao. Onyo halijafika TikTok.

Lakini msinitie kwa kikundi cha wale wanasema sayansi ni uongo. Nakasirika juu hii kazi naipenda.

Cheki hii. Ukijaribu dawa mbili, kwa kipimo sawa na muda wa kutosha, na zote zigome, wengi wanaita hiyo dipresheni sugu. Si ugonjwa wa watu wachache. Ule utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa STAR*D, wenye watu karibu 4,000, ulikuta ni kama theluthi moja tu walipona kabisa na dawa ya kwanza. Sasa daktari Helen Mayberg alikuwa ameona kwa picha za PET kwamba kuna eneo dogo ndani mbele ya ubongo, wanaliita eneo la 25, linalofanya kazi kupita kiasi kwa watu wenye dipresheni. Mwaka wa 2005, kule Toronto, yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wagonjwa sita waliowekewa nyaya za umeme hapo hapo. Watu walioshindikana kwa kila kitu. Baada ya miezi sita, wanne walikuwa wamepata nafuu kubwa.

Mwisho mzuri, sivyo? Ngoja. Jaribio kubwa la watu 90 likafuata, na matokeo yake, yaliyochapishwa 2017, hayakuonyesha kwamba waliowashiwa umeme kwa miezi sita waliwashinda waliowekewa nyaya bila kuwashiwa. Kazi haikuishia hapo. Kule Stanford wanatumia MRI kutafuta, kwa kila mgonjwa, sehemu ya juu ya ubongo iliyounganishwa na lile eneo la 25, kisha wanaipiga kwa sumaku kutoka nje, mara kumi kwa siku, siku tano. Matokeo yalikuwa ya kushangaza na 2022 Marekani ikaidhinisha mbinu hiyo. Jaribio lenyewe lilikuwa na watu 29. Nafurahi, lakini 29 wanajaa matatu mbili tu.

Hapo picha inamsaidia daktari kujua atibu wapi. Haiko hapo kuamua nani anaumwa kweli na nani anaigiza.

Naelewa kwa nini mnataka picha. Hii ni nchi ambayo mpaka Januari 2025 kujaribu kujiua kulikuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili, kabla Mahakama Kuu iseme kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Tumezoea kudaiwa ushahidi. Lakini ukikubali kwamba maumivu yako yanahitaji picha ndiyo yawe kweli, umempa mjomba rungu. Siku skani ikitoka safi, na karibu kila mara itatoka safi, atakupiga nayo.

Kama ni kelele tupige, tupigie hii: hizo bongo zinazochunguzwa nyingi si zetu. Hata nywele ni kikwazo. Wivu yenye nyuzi za chuma haiingii kwa MRI, na vifaa vya kupima umeme wa ubongo havikai vizuri kwa nywele nzito kama zetu. Ilibidi mwanafunzi Mweusi wa Carnegie Mellon, Arnelle Etienne, abuni vibanio vinavyoshika kwa mistari ya kusuka. Hii ni juzi tu, 2020. Miaka yote hiyo walikuwa wanapima nani?

Mimi niko kwa dawa ya tatu, na kila Alhamisi kuna mtu naenda kuongea naye. Kama uko kwa dawa, usiache kwa sababu ya posti yangu, ongea na daktari wako. Na mjomba, najua huwa unasoma hapa kimyakimya. Ile ripoti bado iko kwa droo ya mama. Ilisema ukweli: sikuwa na uvimbe.