Bei ya Zana na Maisha ya Lugha za Kompyuta

Wataalamu wanapojadili lugha za kuandikia programu za kompyuta, aghalabu hulinganisha sarufi zake: ipi ni fupi, ipi ni salama, ipi hutoa programu zenye kasi. Ulinganishi huo ni wa haki, lakini huacha nje jambo moja ambalo kila mwalimu aliyewahi kuandika maombi ya vifaa vya maabara analifahamu vyema, nalo ni bei. Rai yetu ni kwamba lugha iliyo na watumiaji wachache hustawi au hudumaa kwanza kwa gharama ya zana zake, na ubora wake huja kupimwa baadaye, na wale tu waliomudu kuinunua.

Zana kuu ni kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya mwandishi kuwa amri ambazo mashine hutii. Lugha isiyo na kompaila ni maandishi ya karatasini tu.

Tuchukue Pascal. Lugha hii ilibuniwa na Profesa Niklaus Wirth huko Zürich, Uswisi, naye akaitangaza mwaka 1970 akikusudia hasa itumike kufundishia. Vyuo vikuu viliipokea kwa furaha. Hali ilikuwa tofauti kwa wenye kompyuta ndogo za mezani. Kompaila nyingi ziliuzwa kwa mamia ya dola, na mnunuzi alilazimika kuhariri kwa programu moja, kufasiri kwa nyingine na kuunganisha kwa ya tatu, huku akibadilishabadilisha diski. Novemba 1983 kampuni ya Borland ya Marekani, iliyoongozwa na Philippe Kahn, ilianza kuuza Turbo Pascal kwa dola 49.95. Kiini chake kilitungwa na Anders Hejlsberg wa Denmark. Kihariri na kompaila vilikaa pamoja katika kumbukumbu ya mashine, hivyo mwanafunzi aliyekosea aliliona kosa lake baada ya muda mfupi sana, akalisahihisha papo hapo.

Kuna jambo jingine katika habari hiyo ambalo, kwa maoni yangu, halikupungua thamani kuliko bei yenyewe. Masharti ya leseni yalisema kwamba programu itumiwe kama kitabu: iliruhusiwa kuhama kutoka mashine hadi mashine, mradi watu wawili wasiitumie mahali pawili kwa wakati mmoja. Yeyote aliyewahi kugawa vitabu 10 kwa darasa la watoto 40 anaelewa mara moja maana ya sharti hilo.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilisumbuliwa na wingi wa lugha zilizotumika katika mitambo yake, ikaamua kuagiza lugha moja. Mashindano yakafanyika, kundi la Jean Ichbiah likashinda, na lugha ikaitwa Ada kwa heshima ya Ada Lovelace, yule mwanamke Mwingereza aliyeandika juu ya mashine ya Charles Babbage. Kanuni rasmi zilipitishwa mwaka 1983, mwaka ule ule wa Turbo Pascal. Kwa ubora wa sarufi, hasa katika kugundua makosa mapema, Ada ilikuwa mbele ya wenzake wengi.

Lakini nani angeweza kuijaribu? Ada ni lugha kubwa, na kuitungia kompaila ni kazi ya miaka; tena kila kompaila ilipaswa kufaulu majaribio mengi kabla ya kukubaliwa. Kwa hiyo tusiwatupie lawama wafanyabiashara peke yao. Gharama ilianzia katika ramani ya lugha yenyewe. Hata hivyo, wauzaji waliwalenga makandarasi wa kijeshi, ambao hawakuona taabu kulipa maelfu ya dola, na mwanafunzi akabaki nje ya mlango. Wakati huo lugha ya C ilienea pamoja na mfumo wa Unix katika vyuo, na kuanzia mwaka 1987 kompaila ya C ya mradi wa GNU ilipatikana bila malipo. Vijana walijifunza walichokipata. Baadaye wakawa wahandisi, wakaandika vitabu, wakaajiri wenzao waliojua kile walichokijua wao.

Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani iligharimia Chuo Kikuu cha New York kutengeneza GNAT, kompaila ya Ada iliyo huru kwa wote. Kazi ilikuwa nzuri, ila ilichelewa. Mwaka 1997 wizara iliondoa hata ile amri ya kutumia Ada, na wengi wakaiacha. Lugha haikufa: programu nyingi za ndege ya Boeing 777 ziliandikwa kwayo, na bado inaheshimiwa pale ambapo kosa dogo laweza kuua watu. Lakini imebaki ya wachache.

Watakuwepo watakaosema kwamba hayo yamepitwa na wakati, kwani leo Python, Free Pascal na GNAT zote hupatikana bure, na mwalimu anaweza kuziweka kihalali katika kila mashine ya shule kutoka kifaa kimoja cha kuhifadhia. Ni kweli, na ni neema. Lakini zana ya bure nayo hulipiwa na mtu. GNAT ingali hai kwa sababu kampuni ya AdaCore, iliyoanzishwa mwaka 1994, huuza huduma kwa wenye viwanda na kwa fedha hizo huitunza. Lugha ndogo zisizo na mlezi wa namna hiyo hupatikana bure leo, na mashine mpya zikija kompaila hugoma.

Kwa hiyo mwalimu anayechagua lugha kwa ajili ya chama cha kompyuta shuleni, kabla ya kuvutiwa na uzuri wa sarufi, aulize toleo la mwisho la kompaila lilitoka lini, nani anayeitunza, na kama itafanya kazi katika mashine kongwe alizo nazo bila kutegemea intaneti kila siku.