Ukigomea Maua ya Naivasha, Nani Anaumia Kwanza?

Kila Valentine ikikaribia, posti huanza kuzunguka: usinunue waridi, wafanyikazi wa shamba za Naivasha wananyanyaswa. Nia ni poa. Lakini kabla urushe hiyo posti kwa grupu, shika rada kidogo.

Maua mengi ya Naivasha hayauzwi hapa. Yanapanda ndege JKIA kuelekea Ulaya. Ukikataa kununua ua moja Nakuru tao, mdosi wa shamba hata hasikii. Mwenye nguvu ni supamaketi ya Uingereza inayonunua moja kwa moja, ju hiyo inajua maua yake yametoka shamba gani. Chai ndio noma zaidi. Nyingi hupitia mnada wa Mombasa halafu inachanganywa, so huwezi angalia kikombe ukajua ilichumwa kwa nani.

Na tusidanganyane, tulishaona vile inakuwanga mnunuzi akipotea. Machi 2020, Ulaya ilipofungwa na Corona, oda zilikatika, maua yakatupwa na maelfu ya wafanyikazi wa Naivasha wakatumwa nyumbani. Huo haukuwa mgomo, lakini kwa mathe wa Karagita anayedaiwa rent ya keja, tofauti iko wapi? Kibarua ndiye hukatwa wa kwanza.

So watu wasigomee? Zii. Cheki Del Monte pale Thika. Mwaka wa 1999 Waitaliano walianza kampeni ya kugomea mananasi yake kwa sababu ya mishahara duni na kemikali za shambani. Coop Italia, supamaketi kubwa huko, nayo ikaibana kampuni. Huku nyumbani, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, ikaongeza presha. Kufikia 2001 Del Monte ilikuwa imekaa mezani na kukubali mabadiliko. Ilishika kwa sababu madai yalikuwa wazi na watu wa hapa walikuwa ndani. Kampuni ilijua ni nini hasa ifanye ndio kampeni iishe.

Sasa linganisha na Kericho. Februari 2023, BBC ilionyesha wanawake zaidi ya 70 wakisema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi kwa mashamba ya chai ya Unilever na James Finlay. Starbucks ikasimamisha kununua chai ya Finlay Kenya. Miezi michache baadaye, Finlay ikatangaza inauzia Browns ya Sri Lanka mashamba hayo. Sisemi moja ilileta nyingine. Lakini mnunuzi anaweza toka, mwenye shamba anaweza uza. Mama anayechuma majani hana pa kuhamia.

Ndio maana tisho la kuondoka mara nyingi lina nguvu kuliko kuondoka kwenyewe. Mnunuzi akishatoka, hana tena cha kumbana mdosi nacho.

So ukiona mwito wa kugomea, uliza maswali matatu. Wafanyikazi wenyewe wameitisha? Wanadai nini hasa? Na kampuni ikikubali, nani atahakikisha? Chama cha wafanyikazi wa mashamba, KPAWU, makao yake makuu ni hapa Nakuru, na Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyikazi haki ya kuunda chama na kugoma. Kama uko na cousin London, mwambie aulize supamaketi yake swali moja: shamba mnalonunua maua limesaini mkataba na chama?